Kokwa Kumi na Nane

Kabambare, Jumatatu tarehe 4 Oktoba 1943

Kwa dada yangu mkubwa, yaya Régina, Kilunga, njia ya Lusangi.

Yaya mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na watoto na wote waliobaki hapo kijijini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kikohozi cha Marie-Louise kimekwisha, na mvua za kwanza hazijakubomolea jiko kama mwaka jana. Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Kabla sijaendelea nakuomba jambo moja. Najua desturi yako: barua ikifika unaiweka chini ya mkeka mpaka Jumapili, uje uisome taratibu baada ya sala, kama mtu anayeonja asali kwa ncha ya kidole. Hii usiiweke. Isome leo hii, Raphaël aliyeileta akiwa bado amesimama na baiskeli yake, na uimalize. Kamyo, lori la kuchukua watu wa machimbo, itaondoka hapa Ijumaa asubuhi, na Michel wako ameandikwa kupanda.

Nilimwona shemeji jana baada ya misa. Wamewekwa kwenye kambi nyuma ya bohari la pamba, wanaume mia moja na kumi na sita kutoka vijiji kumi na viwili, chini ya paa la bati lisilo na kuta. Daktari amekwisha kuwapima na kuwachoma sindano. Mkono wa Michel ulivimba kidogo lakini umepungua, anakula, na hajapigwa. Alinitaka nikuandikie maneno yake, kwa hiyo nilikaa juu ya gogo naye akachuchumaa mbele yangu akinitajia moja baada ya jingine. Anasema shamba la mpunga la kule kijitoni lisiachwe kwa ndege. Anasema ile nguzo ya nyuma ya nyumba imeliwa na mchwa, umwombe mtu aibadilishe kabla ya Novemba. Anasema mbuzi jike usimuuze hata ukishikwa na shida gani. Anasema pia Gérard asipande michikichi mvua inaponyesha, kwa maana anamjua mwanawe. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, na hili naliandika kama alivyolisema: “Zéphirin, weye uko karibu na Bwana wa ofisi. Unambie, siye batu ya Kilunga tulifanya mubaya gani?”

Nilijifanya naichonga penseli. Yaya, penseli ile ilikuwa imechongwa tangu asubuhi.

Wewe ulikuwepo siku kapita, mkuu wenu wa kijiji, alipokusanya watu uwanjani, huhitaji nikusimulie. Lakini mimi sikuwepo, nimesikia kwa Michel, na nimeisikia mara nyingi kichwani tangu hapo. Amri ya vita inasema katika kila wanaume watano wenye nguvu, mmoja aende machimboni, na bati inatakiwa sana huko Ulaya kuliko watu wanavyotakiwa huku. Kitabu kinasema Kilunga ina wanaume hamsini na watano. Kwa hiyo kumi na mmoja. Kapita, ambaye si mtu mbaya, alianza na wale wasio na wake, akapata saba. Hapo vijana wakaisha. Ndipo akaanza kuita wenye nyumba zao, na wa nane alikuwa Michel.

Mtu wa nane. Nitalirudia neno hili baadaye, ulishike.

Sasa nikupe habari za Aziza, kwa kuwa najua mnaulizana. Huyo Mama Yakubu yu hai. Yumo gerezani hapa Kabambare pamoja na wanawake watano wa vijiji vingine, na mchana hutolewa kufyeka nyasi mbele ya ofisi. Nampitia kila siku nikienda kazini. Siku ya kwanza alinisalimu kwa jina. Siku hizi anageuza uso, na ana haki.

Mnajua alivyokamatwa lakini hamjui kwa nini, maana mambo haya yalisemwa kwa Kifaransa ndani ya ofisi, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Bwana, yule Mzungu wa Serikali ninayemfanyia ukarani, alipolipata buku langu la hesabu ya watu alifurahi kwanza, halafu akaanza kukuna kidevu. Alichukua buku la miaka mitatu iliyopita, akayaweka pamoja. Zamani Kilunga ilikuwa na wanaume thelathini na wanne. Sasa hamsini na watano. Akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba kijiji kina milango minne tu: watu huzaliwa, hufa, huingia na hutoka. Mwanaume mzima hazaliwi katika miaka mitatu, na buku la zamani halikuwa na wavulana wa kukua kiasi hicho. Basi hawa ishirini na mmoja wameingia kwa miguu. Wametoka wapi? Mbona hawana karatasi ya kuhama? Akaamua kwamba vijana hao wamevuka mto Luama kukimbia kazi za upande wao, na kwamba kijiji kinawaficha. Upande wa wanawake aliona jambo jingine la ajabu, mabinti wengi wazima wasio na mtoto hata mmoja, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba wanawake wa Kilunga hawazai na lazima wapimwe.

Ndipo askari wakaja kwenu na orodha ya majina. Walipofika kwa Aziza wakadai mwanawe Yakubu, mwenye miaka ishirini. Aziza akamleta Yakubu wake, yule mwenye pengo la meno ya mbele, anamfikia kifuani. Akawaambia, “Yakubu ni huyu tu, bwana askari, sina mwingine.” Wakamwambia analeta mdogo badala ya mkubwa ili kuidhihaki Serikali. Wakamfunga mikono. Tangu siku hiyo, nasikia, akina mama wote wa Kilunga wamewapeleka watoto kwenye vibanda vya mashambani, na mgeni akionekana njiani mnapiga kelele za kufukuza ndege ili wajifiche. Raphaël aliniambia. Aliniambia akicheka, kwani anadhani ni ujanja mtupu wa wanakijiji. Mimi sikucheka.

Yaya, sasa nakuja kwenye lile lako.

Mwezi wa nane ulimtuma mtu aniambie kwamba moyo wako una kidonda. Ulisema nilikuja Kilunga mwezi wa saba kwa kazi ya hesabu, nikalala kwako usiku mmoja, na kesho yake ulinichinjia kuku, ukasonga bugali wa muhogo, ukaniwekea mwiko wa kwanza kama Mama anavyofanya Kasongo. Nami nikala matonge mawili, nikanawa, nikaondoka na buku langu kwapani bila kuaga watu vizuri. Uliuliza kama ukarani umenifanya nione chakula cha dada yangu ni kichafu. Sikukujibu. Kuku yule alikuwa mtamu. Naona bado paja lile likibaki kwenye bakuli.

Nitakueleza kilichonitoa mbio, na tafadhali usome polepole hapa.

Mwezi ule nilipewa vijiji kumi na viwili kwa siku kumi. Kila kijiji nilitakiwa kuwapanga watu wote mstari, wanaume, wanawake, watoto, kumwona kila mmoja kwa macho na kuandika miaka yake. Wanaume hawakunisumbua, kila mmoja ana kitabu chake cha Serikali. Watoto ndio hawakuletwa. Kijiji cha kwanza akina mama waliniambia, “Mutoto hapana mbuzi, bwana karani, hatumupange mustari.” Nilibisha, nikapiga meza, nikataja jina la Bwana. Hawakuleta mtoto hata mmoja. Mwishoni mama mmoja mzee akaniletea kibuyu kidogo kilichofungwa kwa kamba, akasema hiki ni cha mtoto fulani, kifungue mwenyewe. Ndani mlikuwa na kokwa za ngazi, yale matunda ya mchikichi, kavu na nyeusi. Akasema kila karanga zinapong'olewa shambani, mama hudondosha kokwa moja ndani ya kibuyu cha mwanawe, bila kutamka idadi, na kibuyu hukaa juu ya jiko mpaka mtoto atakapolima shamba lake mwenyewe. Nilifurahi kama mjinga. Nilihesabu kokwa, nikaandika. Kokwa kumi na nane, miaka kumi na minane. Kokwa ishirini, miaka ishirini. Nikaona kazi yangu imekuwa nyepesi, na nikakimbia kijiji kwa kijiji nikifungua vibuyu.

Sisi nyumbani Kasongo Mama alituhesabia kwa Noeli. Baba alikuwa fundi wa misheni, hatukulima karanga. Mimi ningejuaje?

Kilunga ilikuwa ya kumi na mbili. Niliandika wote siku ile, ukabaki wewe tu, kwa kuwa nililala kwako na nikaona sina haraka. Asubuhi ukawa jikoni unapepea moto, ukakitungua kibuyu cha Gérard kwenye moshi, ukanipa bila kugeuka. Nilikuwa na tonge la pili mkononi. Nikamwaga kokwa kwenye buku. Zilikuwa kumi na nane. Nikashika kalamu niandike, na kalamu ikakataa, maana Gérard alizaliwa mwaka niliopokea komunio ya kwanza. Nilikuja kumwona nikiwa na viatu vile vya kuazima, unavikumbuka, ulivyonicheka. Gérard ana miaka tisa. Nikakuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: karanga hapa mnang'oa mara ngapi? Ukaniambia, mara mbili, ndugu yangu, mwezi wa kwanza na mwezi wa sita, kwani Kasongo mnang'oa mara ngapi? Na ukacheka kwamba karani hajui karanga.

Hapo ndipo nilipojua. Kila mtoto niliyemwandika katika vijiji vyote kumi na viwili nilikuwa nimempa miaka mara mbili. Wale vijana ishirini na mmoja wa Bwana hawajavuka mto wowote. Wamelala kwenye vibanda vyenu wakilinda mpunga, na mkubwa wao hajabalehe. Wale mabinti wasiozaa bado wanacheza kupika kwa makopo.

Yaya Régina, mpaka hapo ilikuwa kosa tu, na kosa nisingeogopa sana kukuandikia. Sikiliza lililo zaidi ya kosa.

Nilipokwenda zangu asubuhi ile bado buku lilikuwa mkononi mwangu. Nililala nalo siku tatu kabla ya kulitia mkononi mwa Bwana. Siku tatu. Ningeweza kurudi. Lakini mwisho wa kila ukurasa kuna mstari unaosema nimewaona watu hawa wote kwa macho yangu, nami nilikuwa nimetia sahihi kurasa zote, hata za watoto nisiowaona. Kusema kosa la kokwa ni kusema na uongo wa sahihi, na uongo wa sahihi una fimbo na gereza. Tena Bwana alikuwa ameniahidi kunipeleka Costermansville kusomea ukarani mkubwa, na Mama alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wote wa misheni, mpaka Mama Marguerite wa kwaya alinishonea shati. Nilijiambia namba ni namba tu, zitakaa kwenye kabati. Nilijiambia hakuna atakayeumia kwa sababu ya namba.

Na bado sijalitaja lililo baya kuliko yote. Kabla ya kulitoa buku, niliandika kweli kwa jina moja. Moja tu. Gérard, mwana wa Michel na Régina, nilimwandika miaka tisa. Wa kwangu nilimtoa, wa wenzako nikawaacha. Yakubu wa Aziza yuko mstari wa juu yake hasa, na nimemwacha na ishirini yake.

Sasa urudi kwa mtu wa nane. Kilunga ina wanaume thelathini na wanne, sawa na zamani. Mmoja kwa watano ni saba, ukikamilisha. Kama buku langu lingekuwa la kweli, kapita angenyamaza baada ya mtu wa saba, na Michel angerudi shambani akilalamika juu ya jua kama kawaida yake. Nilidhani nimemwokoa mtoto wako, kumbe nilikuwa nimemwuza baba yake. Hilo ndilo jibu la swali aliloniuliza jana juu ya gogo, na nimeshindwa kumpa usoni.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bwana. Nimemwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alilifungua buku kwenye ukurasa wa Kilunga, akapitisha kidole, akasimama kwa Gérard, akaniuliza huyu mtoto wa miaka tisa ni nani. Nikasema ni mpwa wangu, mwana wa Michel. Akanitazama, akasema anaelewa sasa: nina shemeji kambini, ninatunga hadithi ya karanga ili apande mwingine badala yake. Askari wake wamekwisha kuripoti kwamba vijana wamefichwa, na hawatumi tena. Nilipiga magoti, yaya, sikufichi. Mwishoni akasema hivi: kama watoto hao wapo, waje hapa kwa miguu yao wamwone yeye, si mimi, kila mmoja asimame jina lake linapoitwa. Wafike Alhamisi kabla ya jua kuzama. Akiwaona, atawarudisha wanne wa Kilunga, atamfungua Aziza, na kamyo itangoja mpaka vijiji vingine vihesabiwe upya. Wasipofika, kamyo inaondoka Ijumaa na wote mia moja na kumi na sita. Mimi nimekwisha kuvuliwa kofia na funguo. Wakija, nitafungwa kwa sahihi ya uongo; wasipokuja, nitafungwa kwa kumdanganya Bwana. Kwangu ni yale yale, kwa hiyo mtu asiseme naomba kwa ajili yangu.

Nawajua akina mama wa Kilunga. Ukiwaambia walete watoto Kabambare wapangwe mstari mbele ya Mzungu, baada ya yaliyompata Aziza, watakutemea mate. Watasema ni mtego, na karani aliyetega wa kwanza ndiye anatega wa pili. Ndiyo maana sikumwandikia kapita. Nakuomba uwaite wote kwako leo hii, uwasomee barua hii kwa sauti, kwa kuwa wewe ndiwe uliyesoma kwa masista. Usiitafsiri upole. Usiruke fungu la Gérard, hata wakikutazama vibaya, hata ukitaka kunifichia aibu kama ulivyonifichia nilipovunja mtungi wa Mama. Mtu hatamwamini karani anayetaka kitu, lakini labda watamwamini anayejivua nguo mbele yao. Mama yake Aziza umkalishe karibu nawe. Yeye ndiye mwenye haki ya kusikia kwanza.

Mwende na vibuyu, vyote, na kokwa zake ndani. Mkiondoka Jumatano alfajiri, kwa mwendo wa watoto mtafika Alhamisi alasiri. Katikisti Emile wa kijiji cha mtoni atawalaza njiani, nimempelekea neno.

Unisalimie Marie-Louise, umbusu kwenye paji la uso. Unisalimie kapita, mwambie sina neno naye. Mama wa Kasongo usimwambie bado; niachie nimwandikie mwenyewe, popote nitakapokuwa. Shati la Mama Marguerite nimelikunja, Raphaël amelibeba. Mpe Yakubu alale nalo njiani, usiku kuna baridi.

Na Gérard awe wa kwanza kusimama. Mfunge kibuyu chake kiunoni, aitike kwa sauti, wenzake wamwone yuko mzima. Yeye miaka yake niliiandika sawasawa.

Ni mimi mdogo wako,
Zéphirin